Nyumba za wafumaji zilivyotitia: kisa cha metro ya Amsterdam kwa macho ya Bagamoyo

Tarehe 19 Juni 2008, katika mtaa wa Vijzelgracht katikati ya Amsterdam, maji yaliyochanganyika na mchanga yalipenya ukuta wa zege wa shimo la kituo cha treni kilichokuwa kikijengwa chini ya ardhi. Mchanga ule ulitoka chini ya nyumba zilizopakana na shimo, nyumba ndogo zilizojengwa karne ya 17 kwa ajili ya wafumaji wa nguo. Nyumba zikashuka kiasi cha sentimita 15. Wakazi wakatolewa, kazi ikasimamishwa, ikakaguliwa, kisha ikaanza tena. Tarehe 10 Septemba mwaka huohuo ukuta wa kituo hichohicho ukavuja tena, na nyumba nyingine za wafumaji zikatitia, safari hii hadi sentimita 23.

Hakuna aliyekufa. Lakini kwa nyumba iliyosimama zaidi ya miaka 300, sentimita 23 kwa mkupuo mmoja si jambo la kupiga plasta ukasahau. Milango hugoma kufunga, madirisha hupinda, na ukuta wa jirani huvutwa humohumo.

Mradi huo unaitwa Noord/Zuidlijn, njia ya treni inayoukata mji kutoka kaskazini hadi kusini: kilomita 9.7, vituo 8, sehemu kubwa ikiwa chini ya ardhi. Inapita chini ya maji mapana ya IJ, chini ya stesheni kuu ya reli, halafu chini ya mji wa kale. Baraza la jiji lilipoupitisha mwaka 2002, bajeti ilikuwa takriban euro bilioni 1.46 na treni zilitarajiwa kuanza mwaka 2011. Treni zilianza Julai 2018, na hesabu ilikuwa imefika kama euro bilioni 3.1.

Naandika haya nikiwa Bagamoyo, mji ambao hauna metro, yaani treni ya mjini ipitayo chini ya ardhi, wala hauisubiri. Ila nyumba zetu za Mji Mkongwe ni za matumbawe na chokaa, zimekaa juu ya mchanga wa pwani, na ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Kila anayechimba mtaro wa maji ya mvua, shimo la choo au msingi wa nyumba ya wageni hapa anafanya, kwa udogo wake, kilekile walichofanya wao pale Vijzelgracht. Sababu ya pili ni kwamba kisa hiki husimuliwa kombo. Husimuliwa kana kwamba mashine kubwa ilipita chini ya mji wa kale ikauvunja. Mashine haikuvunja kitu.

Tuanze na hofu yenyewe, maana ndiyo iliyouchora mradi. Amsterdam ni mji mkuu wa Uholanzi kwa katiba, ingawa serikali na bunge hukaa The Hague. Sisi tulioishi miongo na Dodoma kwenye maandishi na Dar es Salaam kwenye ofisi hatuna haja ya kufafanuliwa hilo. Miaka ya 1970 jiji lilijenga njia yake ya kwanza ya metro kuelekea mashariki. Mbinu iliyotumika sehemu ya katikati ya mji ilikuwa kumwaga masanduku makubwa ya zege juu ya ardhi, kisha kuondoa udongo chini yake hadi yazame yenyewe. Kwa hiyo kila kilichosimama juu ya njia kilipaswa kubomolewa. Mwaka 1975, katika mtaa wa Nieuwmarkt, wakazi waliokataa kuhama walipambana na polisi, na picha za siku zile bado zinaoneshwa. Njia ilifunguliwa mwaka 1977, lakini metro ikawa neno chungu katika siasa za jiji kwa muda mrefu.

Waliokuja kupanga Noord/Zuidlijn walijua wanatembea juu ya kidonda hicho. Ahadi yao ikawa moja: safari hii hatubomoi mtaa wa mtu. Tutachimba kwa mashine, chini kabisa, na handaki litafuata barabara ili lisipite chini ya nyumba. Hata hivyo, kura ya maoni ilipoitishwa mwaka 1997, wengi wa waliojitokeza walisema hapana. Ila hawakufikia idadi iliyotakiwa, kwa hiyo matokeo hayakuwa na nguvu na mradi ukaendelea. Mimi hapo huwa nasita. Kanuni ilifuatwa, sawa. Lakini mradi unaoanza huku wengi wa waliopiga kura wameukataa huwa hauna akiba ya imani ya kutumia siku mambo yatakapoharibika.

Sasa ardhi. Amsterdam umejengwa juu ya mboji na mfinyanzi laini usioweza kubeba hata ukuta wa uani. Wazee wao waligundua kwamba ukipigilia magogo marefu hadi kama mita 12 unafika kwenye tabaka la mchanga mgumu, na nyumba za kale zote zimesimama juu ya magogo hayo. Stesheni kuu peke yake, iliyofunguliwa mwaka 1889, imebebwa na maelfu ya magogo. Chini zaidi kuna tabaka la pili la mchanga ambalo majengo mapya husimamia. Handaki la metro lilibidi lipite chini ya yote hayo, na katika eneo la De Pijp barabara ni nyembamba mno kiasi kwamba mahandaki mawili hayakuweza kukaa ubavu kwa ubavu. Yalipangwa moja juu ya jingine.

Basi watu wakaogopa mashine. Wahandisi nao waliziogopa, na hofu yao ilikuwa na adabu. Kwenye kuta za majengo yaliyo kando ya njia walibandika maelfu ya vioo vidogo, na darubini zinazojizungusha zenyewe zikawa zinavipima mchana na usiku ili kuona kama nyumba imesogea hata milimita. Chini ya baadhi ya majengo waliweka mabomba tayari kwa kusukuma uji wa saruji ardhini, ili jengo likionesha dalili ya kushuka liinuliwe papohapo. Mashine nne zilifanya kazi hiyo kuanzia mwaka 2010 hadi mwishoni mwa 2012. Zilipita chini ya mitaa ya karne ya 17, na ardhi juu yake ikashuka milimita chache tu. Kazi iliyotisha kuliko zote ndiyo iliyokwenda vizuri.

Lakini treni haina faida bila mahali pa kupandia. Vituo vya Rokin, Vijzelgracht na De Pijp havikuchimbwa kwa mashine ile. Vilichimbwa kutoka juu, katikati ya barabara, ndani ya kuta za zege zilizotangulia kujengwa ardhini. Ukuta wa namna hii hujengwa hivi. Unachimba mfereji mwembamba na mrefu kwenda chini, na badala ya kuuacha wazi unaujaza tope zito la bentonaiti, aina ya mfinyanzi unaovimba majini, linalozuia kingo zisiporomoke. Unateremsha chanja la nondo ndani ya tope. Kisha unamwaga zege kwa bomba refu kuanzia chini kabisa. Zege, kwa kuwa ni zito, hulisukuma tope juu hadi litoke lote. Ukimaliza kipande kimoja unaanza kingine kando yake. Vipande vikishikana vyote unapata sanduku lisilopitisha maji, na hapo ndipo unaanza kutoa udongo ndani yake. Pale Vijzelgracht kuta hizo zilikwenda zaidi ya mita 40 chini.

Tatizo ni kwamba kazi yote hiyo hufanyika gizani. Hakuna anayeona zege likipanda. Tope likibaki limenasa kwenye nondo au kwenye mshono kati ya kipande na kipande, ukuta utaonekana mzima kwenye michoro, utapita kwenye hati ya malipo, na utakaa kimya kabisa mpaka siku utakapotoa udongo upande wa ndani. Siku hiyo upande mmoja ni hewa, upande wa pili ni maji yenye mgandamizo mkubwa, na kati yao kuna pumba la tope. Wajenzi wa majahazi pale ufukweni wanalijua jambo hili kwa mikono yao: ubao mzuri hauzuii chombo kuzama kama kalafati ya mshono mmoja ni mbovu.

Hicho ndicho kilichotokea Juni na kilichorudi Septemba. Na hapa ndipo nilipoulizwa swali ambalo sikuweza kulijibu kwa sentensi moja. Mzee mmoja tunayekaa naye barazani jioni alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe cha kahawa chini, akasema: "Mwanangu, si umesema waliweka vioo vya kupimia kila mahali? Vilikuwa vinatazama nini?"

Vilitazama, mzee wangu. Tena viliona vizuri sana. Ila kifaa cha kupima kinamfaa yule ambaye nyumba yake inashuka polepole, milimita leo na milimita wiki ijayo, kwa sababu anapata nafasi ya kutenda. Maji yakishapata tundu na kuanza kubeba mchanga, kasi ni nyingine. Kila punje inayoondoka inapanua njia ya punje inayofuata. Vifaa vikawa vinaandika kwa usahihi mkubwa msiba ambao haviwezi kuuzuia. Kinga pekee ilikuwa kwenye ukaguzi wa zege miaka kadhaa kabla, wakati mshono unamwagwa, na huko hofu ya watu haikuelekezwa. Wote walikuwa wanangoja mashine.

Naona huo ndio moyo wa kisa. Wale hawakuwa wazembe kwa jumla. Walikuwa makini mahali palipowatisha. Ukuta wa zege wa ardhini ulikuwa kazi ya kawaida, umefanywa duniani kote kwa miongo, mkandarasi anaujua, msimamizi anaujua, kwa hiyo nani angekesha kuulinda?

Upande wa fedha ulikuwa na kasoro ya aina hiyohiyo. Serikali kuu ya Uholanzi ilichangia sehemu kubwa, lakini kwa kiasi kilichofungwa: kikizidi, cha juu ni cha jiji. Kazi iligawanywa katika mikataba kadhaa, na hatari nyingi za ardhini zikabaki mikononi mwa jiji lenyewe. Madiwani waliopiga kura mwaka 2002 waliona mchango wao ni mdogo kulinganisha na mradi, wasione vizuri kwamba mlango wa nyuma uko wazi. Baada ya nyumba kutitia, diwani aliyesimamia mradi, Tjeerd Herrema, alijiuzulu Februari 2009. Kamati ya uchunguzi ya baraza, ikiongozwa na Maurice Limmen, ilitoa ripoti Desemba mwaka huo, na haikuwa na maneno laini: hatari zilikadiriwa chini kuliko zilivyokuwa, na baraza halikupewa picha kamili lilipokuwa likiamua.

Kabla ya ripoti hiyo palitokea jambo lililobadili sauti ya mjadala wote. Tarehe 3 Machi 2009, katika mji wa Köln nchini Ujerumani, jengo la hifadhi ya nyaraka za mji liliporomoka kando ya shimo la metro iliyokuwa ikijengwa. Vijana wawili waliokuwa katika majengo jirani walikufa, na nyaraka za karne nyingi zikafukiwa kwenye maji na kifusi. Uchunguzi wa miaka ukaishia palepale: kasoro katika ukuta wa zege wa ardhini, mahali ambapo ukuta haukukamilika na mchanga ukapata pa kutokea. Watu wa Amsterdam walipoisoma habari ile hawakuhitaji mtaalamu kuwaeleza kwamba wao walikuwa wamepona kwa bahati.

Je, waache? Swali hilo lilipelekwa kwa kamati nyingine, ya Cees Veerman, aliyewahi kuwa waziri wa kilimo. Mwezi Juni 2009 kamati ilishauri mradi uendelee. Mashimo yalikwishachimbwa, kuyafukia kungegharimu fedha nyingi, na mwishowe jiji lingebaki na deni bila treni. Kuna wanaosema huo ni mtego wa kawaida wa miradi mikubwa: ukishazama ndani, kila hesabu itakuambia endelea. Ni kweli, na mtego huo tunaujua hata sisi kwenye nyumba zilizoishia lenta. Lakini sidhani Veerman alikosea. Wakati wa kukataa ulikuwa mwaka 2002, bajeti ikiwa bado karatasi; mwaka 2009 uamuzi wa busara ulikuwa kumaliza kwa namna nyingine.

Na kweli namna ilibadilika. Pale Vijzelgracht waligandisha ardhi: walipitisha mabomba ya kimiminika chenye baridi kali nje ya ukuta, maji ya ardhini yakawa barafu, na barafu ikashika mchanga huku wakichimba chini. Ni njia ghali na ya polepole. Uongozi wa mradi nao uliacha tabia ya kutangaza kwamba kila kitu kiko salama, ukaanza kueleza mapema nini kinaweza kuharibika na utafanya nini kikiharibika. Pale Rokin waliweka mahali ambapo mpita njia angeweza kusimama na kutazama shimo. Jambo dogo, lakini mtu anayeliona shimo kwa macho yake hupunguza uvumi. Nyumba za wafumaji zilitengenezwa upya, na leo zipo.

Nitaje pia, kwa sababu inanipendeza, kwamba wanaakiolojia walikuwa ndani ya kazi tangu mwanzo. Kwenye tope la mto wa zamani chini ya Damrak na Rokin walitoa vitu kama 700,000: viatu, funguo, sarafu, meno, vigae. Sehemu yake imewekwa ndani ya vioo kati ya ngazi za umeme za kituo cha Rokin, abiria anavitazama akishuka. Sisi tunaojua vigae vya China vilivyopatikana kwenye magofu ya Kaole tunaweza kukisia nini kinatupwa na sepetu zetu kila mtaro unapochimbwa bila mtu wa kuangalia.

Sasa nirudi nyumbani, na nitakuwa mwangalifu, maana kulinganisha kuna mipaka. Nyumba zetu hazina magogo chini. Misingi ya matumbawe imelala juu ya mchanga moja kwa moja, kina kifupi. Ukuta wetu ni mnene lakini hauna nondo, kwa hiyo haupendi kuvutwa. Msingi ukishuka kona moja, ukuta hauinami, unapasuka. Faida ni kwamba chokaa ni laini kuliko saruji na hustahimili kusogea kwa polepole. Hasara ni kwamba wengi wetu tumeshapiga plasta ya saruji juu yake, na saruji huficha ufa mpaka ufa uwe mkubwa.

Hofu ya Bagamoyo nayo ina mahali inapopenda kutazama. Tangu mazungumzo ya bandari kubwa ya Mbegani yaanze, kikao cha wenye nyumba hakikosi mtu wa kuuliza kama meli zitatikisa Mji Mkongwe. Mbegani iko kilomita kadhaa kusini. Kinachoweza kuishusha nyumba ya mtaa wa India hakitatoka Mbegani. Kitatoka kwa jirani wa kiwanja cha pili anayechimba tangi la maji taka, akakuta maji, akaazima pampu kwa siku tatu. Ulinzi wa majengo ya kale tulionao tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 unamjua anayebomoa. Anayenyonya mchanga chini ya msingi kutoka ng'ambo ya barabara ni mgumu kumwona, na hata yeye mwenyewe hajui anafanya nini.

Mzee wangu wa barazani aliniuliza tena, akitaka jibu la mtu mwenye nyumba, si la mhandisi: "Sasa mimi nifanye nini wachimbaji wakija?"

Kabla hawajaanza, piga picha kila ukuta, nje na ndani, ufa kwa ufa, uandike tarehe. Picha hizo zisainiwe na mwenyekiti wa mtaa na mkandarasi pia akikubali. Akikataa, andika kwamba amekataa. Kwenye nyufa kubwa bandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta, kikae juu ya ufa pande zote mbili. Kioo kikipasuka, ukuta umesogea tangu siku ulipokibandika, na hakuna wa kukuambia kwamba ufa ulikuwepo tangu enzi za Mjerumani. Uliza kwenye mkutano, mbele ya watu, nani atalipa nyumba ikipata madhara, na kama jibu limo kwenye mkataba au limo kwenye tabasamu la msimamizi. Uliza pia shimo litakuwa na kina gani na kingo zitashikiliwa na nini. Ukiambiwa "tutaona hapohapo", wewe umeshaona.

Halafu, pampu ikianza kufanya kazi, nenda na ndoo. Kinga maji yanayotoka kwenye bomba, yaache yatulie kwa dakika chache, kisha yamwage taratibu utazame kilichobaki chini. Tope kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Mchanga unaoendelea kutoka siku ya pili na ya tatu ni mchanga wa chini ya nyumba ya mtu. Hapo pampu izimwe na shimo liachwe lijae maji yake tena, kwa sababu maji yakirudi ndani yanasukumana na yale ya nje na mchanga unatulia. Mkandarasi atalalamika kwamba anapoteza siku. Mwambie arudi na mabati ya kupigilia kingo, au achimbe kwa vipande vifupi, akifukia kimoja kabla ya kufungua kingine.